Bata Wasiokufa

Wanaosema gemu za zamani zilikuwa bora
hawakuwahi kushika pedi ya Kibwana Pazi,
Magomeni Mikumi, nyuma ya mashine ya kusaga,
kitufe chekundu kimezama kama jino bovu,
ukitaka kuruka ubonyeze kwa ncha ya kalamu.

Mimi niliishika. Niacheni niseme.

Kaseti ilikuwa ya njano, imeandikwa
gemu elfu tisa mia tisa tisini na tisa.
Tulizihesabu, mimi na Shomvi, likizo nzima ya mwezi wa sita.
Zilikuwa saba.
Zilizobaki ni saba zilezile zimebadilishwa majina,
kama mtu anayekwepa deni mtaa kwa mtaa.
Na bado nasema: uongo ule ulikuwa mtamu
kuliko ukweli wa hizi za leo,
zinazokudai bando la giga thelathini
kabla hujaona hata uso wa adui.

Sauti, hapana. Msinidanganye.
Sauti ile ilikuwa mbu ndani ya kopo.
Rangi pia: bahari na anga bluu mojamoja,
ukizama unadhani umepaa.
Gemu ya vifaru ndiyo nitaitetea mpaka kesho:
watu wawili, ngome moja ya matofali,
na kila mara mwenzako ndiye anayeibomoa
halafu anasema ni adui.
Hapo nilimjua Shomvi.
Ukubwani nikaja kumkopesha hela,
nimeshasahau nilichojifunza.

Shilingi hamsini, dakika kumi.
Kibwana alipima kwa saa ya mezani yenye kuku anayedonoa,
na umeme ukikatika alisema ni kudra,
hela hairudi.
Hakukuwa na kuhifadhi. Ukifa umekufa,
unarudi mwisho wa foleni,
nyuma ya watoro wa madrasa na mabegi yao.
Hilo silisifu. Wanaoyasifu mateso yale
ni wale waliokuwa na hamsini nyingi.

Lakini bunduki.
Bunduki ya plastiki, rangi ya chungwa, waya mrefu,
na bata wakiruka kutoka majanini.
Dada yangu Sijaona aliingia bandani na kofia yangu,
kwa kuwa Kibwana hakutaka wasichana,
akaangusha bata ishirini na wanne bila kukosa,
kisha akavua kofia.
Hakuna aliyecheka.
Kibwana mwenyewe alisahau kuitazama saa.

Mwaka huu nimeupata mtambo wa aina ile
kwa fundi mmoja Kariakoo, umefungwa kwa gazeti.
Nikauchomeka kwenye runinga bapa ya sebuleni,
nikamwita Sijaona kutoka Mbagala.
Akaja na vumbi la saruji kwenye nyusi,
siku hizi anatandika vigae kwenye maghorofa ya watu.
Akanawa mikono kwanza, kama anayekwenda kula.
Akalenga. Akafyatua.
Bata akapita.
Akafyatua tena, pua ya bunduki ikigusa kioo.
Bata akapita, polepole, kama ana ruhusa.

Tulimpigia fundi. Alicheka sana ndipo akatueleza:
ile bunduki haikuwahi kutoa kitu.
Ni jicho. Husubiri mwanga wa TV ya chogo,
na hizi bapa mwanga wake huchelewa
kama shahidi aliyehongwa.

Kwa hiyo miaka yote ile
hatukupiga chochote.
Sijaona akaigeuza, akachungulia ndani ya mtutu,
akakaa hivyo, jicho kwa jicho, muda mrefu kidogo.
"Kumbe ilikuwa inaona," akasema,
akaiweka juu ya meza taratibu
kama kitu ambacho kingeweza kuamka.

Jumamosi tunakwenda Buguruni kutafuta chogo,
hata kama ni zito, hata kama lina mstari katikati.
Mjini watu wanakula bata.
Sisi hatujaua hata mmoja.