Saa Arobaini

Walituambia: leteni daftari, jembe dogo,
na udongo wa kwenu.
Nikapeleka kopo la maziwa lenye udongo wa Mabatini,
nusu changarawe, nusu vizibo vya soda.
Bibi shamba Nyamizi akalitikisa, likalia kama kayamba.
"Huu bado haujawa udongo," akasema.
"Huu ni mwamba unaojishauri."
Tukacheka. Nikaandika hivyo hivyo.

Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, ofisi ya kata,
bati linatoa jasho, nasi pia.
Fundi cherehani; kijana wa bodaboda
anayesinzia na helmeti kichwani;
mama wawili wa kwaya moja wasiosemeshana;
na mimi, Getruda, miaka kumi na tisa kiwandani
nikitenga mnofu wa sangara na mfupa wake.
Mikono yangu ilijua kugawa.
Kungoja haikujua.

Tukashuka ziwani kuvuta magugu maji,
yale yale yanayokaba mitumbwi,
tukayakatakata, tukayalaza na samadi na majivu,
tukafunika kwa turubai la kampeni
lenye uso wa mtu aliyeshindwa.
Wiki ya tatu nikazamisha mkono hadi kiwiko:
joto, kama paji la mtoto mwenye malaria.
"Linaumwa?"
"Linaiva," akasema Nyamizi.

Kisha majina. Sota, akataye mche usiku
na kuuacha umelala kama mlevi.
Vidukari. Utitiri.
Kantangaze, mdudu wa nyanya,
jina lake lenyewe linakutuma sokoni
ukaitangaze hasara yako.
Kwenye mtihani nikauita utitiri ukungu.
Kumi na moja kwa ishirini. Nikarudia.
Kijana wa bodaboda alipata kumi na tisa,
usingizini.

Halafu saa arobaini za kujitolea,
kila saa na sahihi yake.
Nne shule ya msingi, watoto wakipanda mchicha
na kuufukua kesho yake kuona kama umeota.
Sita kupanga mawe, kinga ya udongo mlimani.
Mbili mlangoni kwa mtu aliyesema nije, akasafiri.

Saa ya thelathini na nane: kwa Mama Wegesa,
juu kabisa, pale nyumba zimeegemea majabali
kama watu waliochoka kusimama.
Nyanya saba ndani ya viroba saba,
majani yameungua pembeni, kahawia, kama karatasi ya barua
iliyookolewa motoni.
Nikafungua daftari. Jua? Hapana.
Maji? Asubuhi na jioni.
Mdudu? Nikageuza kila jani; hakuna.
"Mtaalamu," akasema, na neno hilo
akaliweka chini taratibu, kama sufuria tupu.

Sikujua. Nikapiga magoti,
nikachukua chembe ya udongo, nikaionja.

Kiwandani, kabla ya mezani, niliwekwa uani
kwenye kayabo: samaki, chumvi, samaki, chumvi,
miezi minane midomo imepasuka.
Ulimi hausahau.
"Kayabo unaoshea wapi?"
Akalitazama beseni la bluu.
"Maji dumu moja mia tatu," akasema. "Niyamwage?"

Daftari linasema: suuza udongo kwa maji baridi mengi.
Halisemi ya nani.
Basi tukashuka wawili hadi bomba la chini,
tukapanda, dumu kichwani, kidole gumba cha mguu
kikitafuta ufa wa jiwe.
Mara tano. Hatukuzungumza;
pumzi ilikuwa na kazi nyingine.

Kwenye fomu, penye *Ushauri uliotolewa*,
nikaandika: Tulibeba maji.

Zilipona mbili.
Nyamizi akasoma, akavua miwani.
"Kuonja udongo? Nimefundisha lini?
Ukurasa gani?"

Nikamtolea ulimi.

Akautazama kidogo, kama jani,
akatia sahihi.