Mzinga una silabi tatu

Ng'ambo, Tabora, nyuma ya duka la mashudu:
chumba kimoja, feni moja, laptopu ya mkopo.
Mwalimu Kashindye kaniletea wimbo kwenye flashi,
sauti kumi na moja za kisomo cha watu wazima.
Wote wanaujua kwa moyo, hakuna anayejua kuusoma.
"Ziwashe herufi," akasema, "kadiri wanavyoimba.
Macho yao yafuate midomo yao."

Kazi ndogo. Nilidhani kazi ndogo.

Nina zana mbili.
Ya kwanza imeandikwa kwa Lua,
neno ambalo Mreno akilitamka anataja mwezi,
na mimi Mnyamwezi nitaukataaje?
Kiolezo chake hukaa humo humo kwenye mistari
kama chumvi ndani ya mboga: hukioni, unakionja.
Rangi inajaa toka kushoto,
kijivu kinageuka njano, basi.
Ukikosea mabano hakwambii kosa liko wapi,
anakunyamazia kama shemeji aliyeudhika.

Ya pili ni Chatu. Mihayo ndiye aliyeniletea.
"Mwezi wako wa kizamani," anasema. "Huyu ana uti wa mgongo."
Kweli anao. Anataka faili lake peke yake,
anataka maktaba, anataka toleo jipya, anataka bando,
anataka uhesabu nafasi nne kabla ya mstari
la sivyo hatambai.
Lakini akishashiba!
Anaivunja herufi vipande mia
na kila kipande anajua kilikoangukia.
Nikamwambia: nipe nyuki.
Akanipa nyuki. Kila silabi ikiimbwa
nyuki saba walichomoka tumboni mwa herufi,
wakazunguka, wakayeyuka.
Dakika tatu za wimbo, saa tano za kuipika video;
saa ya nne luku ikaisha,
nikaenda kununua umeme wa elfu mbili, nikaanza upya.

Jumanne nikaipeleka darasani, tukaimulika ukutani.
Walicheka. Walipiga vigelegele. Bi Nyamizi
alinyoosha kidole akamfuata nyuki mmoja mpaka darini.
Hakuna aliyesoma hata neno.

Usiku nikamfungia Chatu, nikarudi kwa mwezi.
Rangi tu. Njano ya nta.
Mihayo hajanisalimia tangu siku hiyo.

Alhamisi. Mstari wa kwanza:
*mzinga mzito mtini*.
Wanaimba, na rangi inawakimbilia mbele,
inawangoja mwisho wa mstari
kama mtoto aliyewahi kisimani.
Bi Nyamizi akaacha kuimba.
"Kijana, mashine yako inameza kitu."
"Inameza nini, bibi?"

Hakutaja jina la herufi, halijui.
Alifumba midomo akaivumisha,
*m*, kama mlango wa mzinga jioni,
halafu *zi*, halafu *nga*. Vidole vitatu.
*M-zi-to*. Vitatu tena.
*M-ti-ni*.
Tisa.

Nikafungua skripti. Sita.
Kanuni yangu inatafuta irabu; isipoiona, inapita.
Nikafungua na ile ya Chatu, nikiomba awe na akili zaidi.
Sita.
Kanuni ile ile, mkono ule ule,
nimeiandika mara mbili kwa lugha mbili
na zote mbili zimenikubalia kwa adabu.

Sasa nakata kwa mkono.
Bi Nyamizi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anavumisha,
nasimamisha wimbi la sauti, naweka alama.
*M*: sehemu ishirini na sita za mia za sekunde.
"Bado."
Ishirini na tisa.
"Mzinga mzito huo, usiuharakishe."
Thelathini na moja.
"Hapo."

Kwenye kioo herufi ya kwanza inawaka peke yake.
Anaisogelea mpaka pumzi yake inatia ukungu.
"Kumbe ndiyo hii," anasema.
"Ina miguu mitatu."