Kamba

Tukuyu mvua haiulizi zamu ya nani.
Saa kumi na mbili tumepanga foleni getini,
mvuke wa chai unatupita juu ya mabati,
nyapara Mwasomola anaita majina.

Yanayoanza na Mwa yanaingia ndani,
kwenye vikaushio, kwenye joto.
Langu linaanza na Mwa.
Sikuwahi kuliuliza limenifanyia nini.

Mgovano alitoka Kilolo.
Alifunga magunia kuliko sisi sote,
fundo moja, mkono mmoja, huku anapiga mluzi.
Mwaka wa nne, bado kibarua.
Mimi niliajiriwa mwezi wa tano.

Kila stoo ilipofunguliwa:
"Kamba msimpe Mhehe, atatuponza!"
Nyapara akicheka, tunacheka.
Kicheko kilikuwa kama kusaini mahudhurio.

Ni utani tu, tulisema.
Lakini utani ni deni la pande mbili:
unirushie, nikurushie,
na siku ya msiba unichimbie kaburi.
Mgovano angemrushia nini
mwenye kalamu ya zamu?

Julai, baridi imebabua migomba,
alirudi kutoka kwao amenyoa kichwa.
Hatukuuliza. Stoo ikafunguliwa,
neno likatoka lilelile.
Akalishusha gunia polepole, kama mtoto aliyelala.
"Kaka yangu tumemzika Jumamosi.
Kamba niliikata mimi."

Mashine ziliendelea kuunguruma.

Jioni nilikwenda chumbani kwake kumpa pole.
Akaipokea. Akanimiminia chai, vumbi la kiwandani kwetu,
kisha akasema, bila kunitazama:
"Wewe una mwandiko mzuri."

Nilinunua daftari la kurasa arobaini.
Tarehe. Maneno, kama yalivyosemwa.
Nani aliitwa ndani, nani alibaki mvuani.
Waliokuwepo. Waliocheka.
Safu hiyo ya mwisho nilianza na jina langu,
na kalamu ikagoma mara mbili, nikadhani ni wino.

Ofisi ya kazi, Mbeya, yule mama alivua miwani:
"Huyu nimemwelewa. Na wewe unadai nini?"
Sikuwa na la kudai.
Nilimsogezea daftari.

Tumepewa tarehe, mwezi ujao.
Mgovano bado anafunga magunia, mluzi hapigi.
Leo asubuhi jina langu limeitwa la kwanza
nikakawia kuitika,
nyuma yangu watu wakaanza kugeuka,
mvua ikiwa palepale.