Dakika Kumi Kabla ya Mlenda

Kwetu mlenda hautafunwi.
Unachovya tonge la uwele, unalitia kinywani,
nalo lenyewe linajua njia.
Ndiyo maana mume wangu aliponiambia amekabwa na mlenda
nilicheka kwanza.

Chibago, mnadi wa ng'ombe pale Msalato.
Jumamosi nzima koo lake linatoa:
laki sita, sita na nusu, nani ana saba,
mara ya kwanza, mara ya pili.
Usiku koo hilohilo linakataa kupokea.
Tonge linasimama nyuma ya mfupa wa kifua
kama fahali asiyetaka kupanda lori.
Anakunywa maji; maji yanasimama juu ya tonge.
Ananyoosha mikono, anazunguka chumba,
kisha anatoka nje
na mimi najifanya naosha sufuria.

Mkanda wake umeongezwa matundu manne kwa msumari wa moto.
Shemeji zangu walisema amefungwa,
kuna mtu alidhulumiwa ndama mnadani.
Tukachanjwa. Tukatoa mbuzi.
Tonge halikusikia.

Hospitali walimnywesha uji mweupe kama chokaa
wakampiga picha amesimama.
Daktari, binti mdogo, Mbeho, jina la shangazi yangu,
akatuonyesha umio uliotanuka kama kibuyu
na chini yake shingo nyembamba kama mdomo wa njiwa.
"Mlango upo," alisema. "Umesahau kufunguka."
Hakusema atapona. Nilisubiri aseme.
Alisema: kidonge hiki chini ya ulimi, usimeze
(Chibago akacheka, usimeze!
miezi kumi na minne mwili wake unamwambia hivyo)
ngoja dakika kumi, ndipo ule, umekaa wima.
Kichwa kitagonga. Usiinuke ghafla.
Kikishindwa, kuna mpira wa kupanulia, kuna kisu.
Tuanze na hiki.

Siku hizi jioni chakula ndicho kinachotusubiri.
Anaweka kidonge. Uso unashika moto,
mishipa ya kipaji inacheza,
anafumba macho kama anayesikiliza komeo la nyumba ya mbali.
Hawezi kusema, ulimi una kazi.
Basi ninanadi mimi:
moja ninayo, nani ana mbili,
mbili nimepata, nani ananipa tatu?
Watoto wanapandisha bei mpaka tisa,
mlenda unapoa, unafanya utando.

Kuna siku tonge linapita;
tunalijua kwa alivyonyamaza.
Kuna siku linasimama, naye anainuka polepole,
mkono ukutani, kama alivyoagizwa,
na sufuria zangu zinang'aa kuliko za mtaa mzima.

Leo sijui bado.
Nyemo, mdogo wetu, amepiga kofi mezani: kumi!
Mara ya kwanza.
Mara ya pili.
Anachovya.