Miligramu Kumi na Moja

Dundee, Januari. Saa kumi alasiri
na taa za barabara zimeshawaka.
Orofa ya tatu, tumeiinamia chupa moja
kama watu wanaochungulia kisima.

Miezi mitano, hatua tisa,
na kila hatua ilidai ushuru wake.
Tulianza na gramu hamsini, unga wa kujaza kikombe;
tukachemsha, tukachuja, tukapoza kwa barafu kavu,
na kila tulipomimina, kitu kilibaki kwenye kioo.
Haba na haba, nilimwambia Profesa Ishbel Rennie,
kwetu hujaza kibaba.
"Hapa," akasema, "hukitoboa."

Huchora kwa chaki, skrini haitaki.
Pembe sita, mkia, oksijeni mbili zikining'inia;
kisha hufuta kona moja kwa kidole gumba
na kuweka florini. "Chembe moja tu.
Ini litachelewa kuitambua."
Mimi nilifundishwa ufunguo na kufuli.
Yeye hucheka: kiatu, anasema,
kiatu kipya na mguu uliochoka;
kiatu hupanuka, mguu hujikunja,
siku ya tatu ndipo utajua kama wamepatana.

Ya 317 iliua vimelea, ikaua na panya.
Ya 318 haikuyeyuka hata kwa kubembelezwa.
Ya 340 ilikuwa nzuri, nzuri mno,
mpaka tukagundua kilichoua ni uchafu wa chupa.
Siku ile aliosha vyombo vyote mwenyewe,
hakusema neno.

Mkono wake wa kulia unatetemeka.
Tangu vuli anauficha mfukoni mwa koti jeupe.
Nilimwuliza mara moja tu:
kwa nini tusitafute dawa ya huo?
"Wapo wanaoitafuta. Sisi tuna malale."
Yeye ambaye hajawahi kumwona mbung'o.
Nami wa Urambo, niliyemwona mjomba
akisinzia mchana na kijiko mkononi,
nikanyamaza.

Leo ananipa ufito wa kioo. "Kwaruza."
Nakwaruza ubavu wa chupa kwa ndani,
mlio wa nyenje kwenye chumba cha baridi.
Hakuna kitu.
Hakuna kitu.
Kisha uzi mmoja mweupe, na wa pili,
na chai ile hafifu ikaota sindano
kama jalidi ya dirishani.

Mizani ikasita, ikatulia: kumi na moja.
Akaandika 341, tarakimu zikiyumba.
"Kesho tutajua kama ni kitu."

Nikamfunga vifungo vya koti la baridi,
vinne, kimoja kimelegea uzi,
tukashuka ngazi.