Baridi ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Baridi yetu haishuki mlimani.
Inatoka ukutani, juu ya kabati la mafaili,
kwenye mdomo mweupe wa plastiki
unaotema nyuzi kumi na sita usiku na mchana.
Rimoti imo kwenye droo ya Bwana Kisanga,
na ufunguo wa droo uko Tabata,
mfukoni mwake, umelala.

Nje, Posta inachemka.
Kipupwe chenyewe, Julai, mji huu,
ni kanga ya pili alfajiri;
ikifika saa tatu umeshaikunja.
Humu ndani mimi Siwema hupiga deki nimevaa sweta
la mtumba, lenye picha ya mnyama wa pembe
ambaye sijui jina lake.

Mimea ililetwa Januari, vyungu saba.
"Haina kazi," alisema muuzaji wa Bamaga,
"hii ni ya jangwani, hata ukiisahau."
Jangwani ninayoijua mimi
ni ile inayojaa maji kila masika.
Nikanyamaza, nikapanga vyungu:
mshubiri, dungusi moja fupi lenye kiburi,
na ule wa majani manene kama vidole vya kichanga
ambao hakuna aliyeuliza unaitwaje.

Mwezi wa pili mshubiri ukaanza kulegea.
Ncha zikawa bamia iliyochemshwa jana;
ukibonyeza, alama ya kidole inabaki.
Wakasema una kiu.
Wakaumwagia maji ya friji, chupa inatoka jasho.
Mgonjwa anatetemeka, nao wanamnywesha barafu!

Tangu hapo nina kazi isiyo kwenye mkataba.
Jioni, viti vikibaki vitupu,
nahamisha vyungu kimoja kimoja
hadi dirisha linalopokea jua la mwisho juu ya Kariakoo.
Navivisha maboksi ya karatasi za printa,
gazeti la juzi chini,
maana marumaru nayo ina ubaridi wake.
Alfajiri, kabla ya lifti ya kwanza,
narudisha kila chungu kwenye duara lake la vumbi.
Wasijue.

Alhamisi umeme ukakatika.
Saa tatu nzima.
Wahasibu wakalegeza tai,
Bwana Kisanga akajipepea kwa hati ya madai,
madirisha yakafunguliwa kwa bisibisi,
yalikuwa yamesahau kufunguka.
Likaingia joto lenyewe, na harufu ya mihogo ya kukaanga.
Sitasema dungusi lilicheka.
Nilisimama tu na ndoo yangu, nikavua sweta.

Mshubiri haukungoja.
Niliukuta umelala ubavu, shina limeoza.
"Katupe," wakasema. Nikaupeleka Yombo.
Nikakata uozo mpaka nikafika kwenye nyama nzima,
kisha sikuupanda.
Hapo ndipo wengi hukosea:
kidonda kibichi hakizikwi.
Niliulaza juu ya tofali, kivulini, siku tisa,
mpaka palipopita kisu pakaota ngozi.

Sasa umo kwenye kopo la maziwa ya unga, mlangoni.
Mwamvita wa chumba cha pili ameshaumega jani,
mwanawe aliungua na uji.

Kazini wameleta wa plastiki,
kijani kuliko kijani.
Naupangusa kila Jumatatu.
Jana jioni, mikono ikienda yenyewe,
niliufunika.