Kidole Gumba

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Changu kimevunja kikubwa kuliko chawa.

Ilikuwa Juni, upepo wa Dodoma unatafuta macho ya watu,
uwanja mtupu wa vumbi, mistari ya majivu
tuliyoichora alfajiri kwa kopo lililotobolewa chini.
Walimu watatu mezani, saa za kubonyeza tatu,
mbili zimekufa betri.
Ya tatu shingoni mwangu, kwa kamba ya kiatu.

Mita mia nane, wasichana.
Sechelela wa Mvumi, pekupeku,
sketi ya shule imebanwa kwa pini ya mtoto mchanga.
Kuingia kambi ya mkoa: dakika mbili na nusu, isizidi.
Mimi ndiye niliyemfundisha,
jioni kwa jioni, kwa kuhesabu nguzo za simu njia ya Handali:
nguzo mbili kasi, nguzo moja pumzi.
Akatoka kona ya mwisho
kama mama aliyesikia mwanawe akilia.
Alipovuka mstari, nikapiga makofi.

Hapo ndipo.
Mikono ilikutana, saa ikiwa katikati ya viganja,
kisha ndipo kidole kikakumbuka kazi yake.
Mbili na nusu, na sehemu nne za kumi.
Karani akaandika kwa wino mwekundu.
Sikusema, punguza.
Sikusema, nilikuwa nashangilia.
Nilisema, "Ndivyo ilivyosoma,"
kwa sauti ya mtu anayeogopa kuambiwa anapendelea wake.

Miaka ishirini na mitatu.

Leo ni Agosti. Uwanja una nyasi upande mmoja,
upande wa pili bado mbigili,
na mstarini imesimama kamera ya miguu mitatu,
imetulia kama ndege anayevizia chura.
Mbeleje, kijana wa wilayani, ana kompyuta chini ya mwavuli.
Kila mtoto amebandikwa kitu kifuani,
kidogo kama mbegu ya ukwaju,
kinachojisemea chenyewe kuwa kimefika.
Hakipigi makofi. Hakina mwanafunzi wake.
Hakinunuliwi soda.
Nakisifu. Sitanii, nakisifu.

Kwenye uzio Sechelela anauza zabibu kwa vikombe.
Bado ananiita Mwalimu.
Akachungulia kioo cha Mbeleje:
mbio zinarudishwa polepole,
mtoto wa watu yuko hewani,
nyayo zote mbili hazigusi kitu.

"Kumbe huwa tunaruka," akasema.
"Mimi nilidhani muda wote nakanyaga."

Akaomba irudishwe. Ikarudishwa.
Akaomba tena, nzi wakitua kwenye zabibu,
akimtazama yule mtoto akipaa, akishuka, akipaa,
mguu wake mwenyewe ukitikisika kidogo ndani ya ndala.

Kisha akaniuliza, bila kugeuka:
"Mwaka wetu ule hii haikuwepo, eti?"
Nikasema haikuwepo.
Ni kweli.
Kweli ya ganda la karanga:
zima, safi, ukilivunja hamna kitu.

Akanijazia kikombe. Akakataa hela.

Fainali ilipoitwa nikatia mkono mfukoni.
Ile saa ninayo.
Kila Januari naibadilisha betri,
kama mtu anayemlisha mbwa asiyebweka.
Sikumwangalia mtoto hata mmoja usoni,
niliangalia mstari tu,
na wa kwanza alipovuka nikabonyeza.

Kamera ikasema: mbili, ishirini na saba, na moja ya kumi.
Saa yangu: mbili, ishirini na saba, na tano za kumi.

Zile zile nne.
Na safari hii
sikuwa nimemshangilia mtu.